Maswali ya Wasomaji: Macho Makavu Msibani

Tangu toleo lililopita, barua karibu zote nilizopokea zinahusu shauri moja. Kwa msomaji ambaye habari hizo hazijamfikia: mwanamke mchuuzi wa dagaa alikutwa amekufa kwenye magugumaji kando ya ziwa, si mbali na jiji la Mwanza, mwili ukiwa na majeraha ya kitu chenye ncha kali, na siku chache baadaye akakamatwa mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Sasa yuko mahabusu, na kila anapofikishwa mahakamani kesi hutajwa na kuahirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Hakimu anayemsomea shtaka hamwulizi kama anakubali au anakana, kwa sababu kosa la kuua kwa kukusudia husikilizwa na Mahakama Kuu au na hakimu aliyeongezewa mamlaka, halina dhamana, na adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa. Ndiyo maana sitataja jina la mtu wala la mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki. Yaliyomo katika barua hizi ni maneno ya watu. Jalada sijaliona, na siku likifunguliwa huenda likasema mengine kabisa.

*Shikamoo wakili. Mimi ni mmoja wa wanawake tuliolala msibani siku tatu. Yule bwana hakutoa hata chozi moja. Alikula ugali kama mtu aliyetoka kulima, akacheka na vijana waliokuwa wanapasua kuni. Mtu aliyefiwa na mwenzake hafanyi hivyo. Kwa nini polisi hawakuandika maelezo yetu?*
Mama wa watoto watano, Igoma

Marahaba mama, na poleni kwa msiba. Huenda hawakuandika kwa sababu mpelelezi alijua kwamba siku utakapotoa ushahidi, wakili wa utetezi atakuuliza swali moja tu: kabla ya msiba huu, ulimwona mtu huyo akilia mara ngapi? Kama hukuwahi kumwona, macho yake makavu hayana cha kulinganishwa nacho. Wako wanaume wengi wa huku kwetu waliokuzwa wakiambiwa kwamba mwanamume halii mbele za watu, wakamzika mzazi bila kukunja uso, kisha miezi mingi baadaye wakakutwa wanalia peke yao nyuma ya zizi. Kucheka nako hakusemi kitu, kwani wewe mwenyewe unajua kwamba watani wakishafika msibani hata mfiwa hucheka, na mtu asiyelala siku mbili hula chochote anachowekewa mbele yake.

Tunajiamini mno katika kusoma nyuso. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi ambamo watu waliwatazama na kuwasikiliza wenzao, kisha wakaamua nani anasema kweli na nani anadanganya. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100, na anayerusha sarafu hupatia 50.

Hata hivyo sisemi kwamba mwenendo wa mtu baada ya tukio hauna maana kisheria. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kueleza mambo ya kutazamwa ili kujua kama aliyeua alikusudia: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyoyatamka kabla na baada, na mwenendo wake kabla na baada. Lakini mwenendo unaozungumzwa hapo ni kama wa mtu aliyekimbia kijiji usiku uleule, aliyefua nguo alfajiri wakati si kawaida yake, aliyesema alikuwa Sengerema kumbe alionekana Kirumba, au aliyewaongoza polisi hadi kwenye kisu alichokifukia. Hayo yanaweza kuthibitishwa au kukanushwa na mtu mwingine. Chozi haliwezi. Ikiwa basi kuna jambo la namna hiyo mliloliona kwa macho yenu, kwa mfano saa aliyorudi nyumbani au nguo aliyovaa, hilo lipelekeni kwa mpelelezi, nalo litaandikwa.

*Ndugu wakili, nasoma chuo hapa Nyegezi. Nimesoma kwamba Ulaya na Marekani wataalamu wa saikolojia wanaweza kutazama eneo la tukio na kusema muuaji ni mtu wa namna gani. Huyu wa kwetu ana dalili zote: hana marafiki, hasira za ghafla, inasemekana alikuwa anatesa mbwa. Kwa nini mahakama zetu zisitumie utaalamu huo?*
Mwanafunzi, Nyegezi

Mwanangu, swali lako lina maswali mawili, nami nitakaa juu yake kidogo, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo ya vijiweni yanapoteleza.

Utaalamu huo upo, na umewahi kusaidia. Katikati ya miaka ya 1980 polisi wa London walikuwa wakimtafuta mtu aliyewabaka na kuwaua wanawake karibu na stesheni za reli. Mwanasaikolojia David Canter alitazama mahali na namna matukio yalivyofanyika, akaeleza mtu wa aina gani huenda anahusika na anaishi upande gani wa jiji. John Duffy, ambaye jina lake lilikuwa tayari limo katika orodha ndefu ya polisi, alilingana na maelezo hayo kwa mengi, akafuatiliwa, akakamatwa mwaka 1986 na kutiwa hatiani mwaka 1988. Zingatia kwamba hakutiwa hatiani kwa sababu alifanana na maelezo. Maelezo yalisaidia kupunguza orodha, kisha ushahidi ukatafutwa kama unavyotafutwa siku zote.

Sasa tazama upande wa pili. Julai 1992, katika jiji hilohilo, Rachel Nickell aliuawa kwa kuchomwa kisu katika uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, mchana, mbele ya mtoto wake mdogo. Polisi walipewa maelezo ya kisaikolojia ya muuaji, wakampata mkazi wa eneo hilo, Colin Stagg, mtu mpweke aliyependa kutembeza mbwa wake uwanjani hapo, wakaona analingana nayo. Ushahidi hawakuwa nao. Wakamtuma askari wa kike ajifanye mpenzi wake kwa miezi kadhaa, amshawishi aseme mambo ya kutisha ili aonekane kuwa na akili ya muuaji. Stagg alikaa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja, na Septemba 1994 jaji akaukataa ushahidi huo wote na kesi ikafa. Miaka 14 baadaye, Desemba 2008, Robert Napper alikiri mahakamani kwamba ndiye aliyeua, baada ya vinasaba kumfikia. Lililo chungu zaidi ni kwamba Novemba 1993, wakati macho yote yakiwa kwa Stagg, Napper alikuwa amekwisha kumuua mwanamke mwingine pamoja na binti yake mdogo. Kumkosea mmoja kulimwacha mwingine huru, na waliolipa ni mama na mtoto ambao hawakuwa na habari yoyote ya mabishano hayo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba saikolojia ya mkosaji inafaa kumwelekeza mpelelezi wapi pa kuanzia, nayo haifai kumwambia jaji pa kumalizia. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au ndugu zao, yaani takriban 60 katika kila 100 ya wanawake na wasichana wote waliouawa kwa makusudi. Takwimu hiyo inampa mpelelezi haki ya kubisha kwanza mlango wa mtu aliyeishi na marehemu. Haimpi haki ya kutobisha mlango mwingine wowote.

Swali lako la pili, la dalili, ni gumu zaidi kwa sababu linajibiwa na kila mtu. Kile kinachoitwa saikopathi, yaani hali ya mtu asiye na huruma wala majuto, kina kipimo chake, kilichotungwa na Robert Hare wa Kanada: mambo 20, kila moja likipewa alama kuanzia sifuri hadi 2, na huko Amerika Kaskazini mtu huhesabiwa hivyo akifikisha 30 kati ya 40. Alama hizo hutolewa na mtaalamu aliyefundishwa, baada ya mahojiano marefu na kusoma kumbukumbu za maisha ya mtu. Hazitolewi kwa kutazama picha ya mtu kwenye simu. Tena wauaji wengi hawana hali hiyo, na wengi wenye hali hiyo hawajaua mtu. Wengine, nasema kwa uzoefu wangu wa biashara, wamewahi kuniuzia kiwanja.

Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, inapokea maoni ya wataalamu katika mambo ya sayansi. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba tabia mbaya ya mshtakiwa si jambo la kujadiliwa dhidi yake, isipokuwa yeye mwenyewe ametangulia kujisifu kuwa ana tabia njema. Mbwa aliyeteswa, kama kweli aliteswa, anatueleza habari za mbwa.

*Wakili, shahidi wa kesi hii ni mvuvi mwenzetu. Ilikuwa kipindi cha giza, tuko kwenye dagaa, akamwona mshtakiwa akiteremsha mzigo kutoka kwenye mtumbwi, na karabai zilikuwa zinawaka. Tunasikia mawakili wamejipanga kumpinga. Mtu mwenye macho mazima anapingwaje kwa alichokiona?*
Mvuvi, Ilemela

Ndugu yangu, hapa wewe ni mtaalamu kuliko mimi, kwa hiyo nitakurudishia ujuzi wako mwenyewe. Karabai huwekwa chini karibu na maji ili iwavute dagaa. Aliye nyuma ya taa huona vizuri duara la maji linalomzunguka, lakini nje ya duara lile giza huwa zito kuliko kama taa isingekuwapo, kwa sababu macho yamekwisha kuzoea mwanga. Sasa jiulize: mtumbwi ule ulikuwa ndani ya duara au nje yake? Karabai iliyommulika yule mtu ilikuwa ya shahidi, au ilikuwa ya yule mtu mwenyewe? Alimwona usoni au mgongoni? Mawimbi yalikuwaje? Alimtazama kwa muda wa kuvuta kasia mara mbili, au kwa muda wa kuvuta wavu mzima?

Wakili akiuliza hayo hambezi mvuvi. Anafuata uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980 katika shauri la Waziri Amani, ambalo kila wakili wa nchi hii analijua kwa moyo. Mahakama ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine zote, na kwamba usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kumkosea mtu uwe umeondolewa. Ikataja mambo ya kutazamwa: muda shahidi aliomtazama mtu, umbali uliokuwapo, kama ulikuwa usiku au mchana na mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Huko Marekani, katika mashauri zaidi ya 350 ambayo vinasaba vilionyesha kwamba mfungwa hakuwa na hatia, takriban theluthi mbili yalikuwa na shahidi aliyemtambua mtu asiye yeye, na wengi wao walikuwa watu wakweli waliosema walichoamini.

Kwamba shahidi anamfahamu mshtakiwa ni nguvu kubwa upande wake, maana kumtambua mtu wa mwaloni uliyemzoea si sawa na kumtambua mgeni. Lakini ndugu na jamaa nao hukosewa. Ni nani kati yetu hajawahi kumpungia mkono mtu stendi ya Buzuruga kisha akaona haya? Ndiyo maana mahakama zetu huuliza pia jambo jingine, nalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: alimtaja lini? Shahidi aliyefika ufukweni alfajiri na kumwambia mwenzake au mwenyekiti wa mtaa, kabla mwili haujapatikana, kwamba nimemwona fulani anateremsha mzigo, huyo ana kauli ngumu kuvunjika. Aliyenyamaza, akasikia fulani amekamatwa, akaona picha yake inazunguka kwenye simu, kisha akakumbuka, huyo anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea.

Kumbukumbu haikai kama samaki kwenye barafu. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Wengine waliulizwa kwa kusema magari yalipogongana, wengine yalipobamizana. Walioulizwa kwa neno zito walitaja kasi kubwa zaidi, na wiki moja baadaye wengi zaidi miongoni mwao walisema waliona vioo vilivyovunjika, ingawa hapakuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja katika swali lilitosha kufanya hivyo. Fikiri sasa kuhusu shahidi anayekaa wiki tatu katika kundi la simu ambamo neno muuaji limeandikwa kando ya picha ya mtu mara mia.

Picha hizo zina madhara mengine ambayo wanaozisambaza hawayafikirii. Ikiwa shahidi hamfahamu mtuhumiwa kwa jina, polisi huandaa gwaride la utambuzi, ambamo mtuhumiwa husimamishwa kati ya watu wengine wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na sura, ili shahidi amchague bila kuelekezwa. Gwaride hilo halina thamani kama shahidi alikwisha kuonyeshwa uso wa mtuhumiwa. Wakili wa utetezi atasema kwamba alitambua picha, na atakuwa na haki. Hivyo yule kijana aliyetuma picha kwa hasira akidhani anasaidia, huenda ndiye atakayemfungulia mlango mtu anayetaka afungwe.

*Mwili ulielea siku ya tatu. Wengine wanasema alizama akiwa hai, wengine alitupwa akiwa amekufa. Daktari anajuaje?*
Muuza samaki, mwalo wa Kirumba

Mwili huzama kwanza, kisha gesi za kuoza huuinua, na maji ya ziwa letu, yakiwa na uvuguvugu, hufanya jambo hilo litokee ndani ya siku chache, tofauti na nchi za baridi ambako huchukua wiki. Daktari hutazama povu katika njia ya hewa na hali ya mapafu. Kuna pia kipimo cha mwani mdogo usioonekana kwa macho, wenye ganda linalofanana na kioo: aliyevuta maji akiwa hai, moyo wake huusukuma mwani huo hadi kwenye uboho wa mifupa, lakini kwa aliyetupwa akiwa amekufa damu haizunguki tena, hivyo haufiki huko. Kipimo hicho nacho hubishaniwa, kwa sababu mwani uko kila mahali, hata kwenye maji ya kuoshea vyombo vya maabara. Majeraha ya kisu ndiyo huzungumza zaidi, kwani jeraha la mtu aliye hai huacha dalili za damu kuvujia kwenye nyama, ingawa kukaa majini huzififisha.

*Alikiri polisi, sasa anakana. Mimi naendesha bodaboda, si msomi, lakini najua mtu mzima hawezi kukiri kosa la kunyongwa kama hakulifanya.*
Msomaji, Buhongwa

Wasomi wengi waliamini hivyohivyo mpaka miaka ya karibuni, kwa hiyo usijidharau. Mwaka 1989 mwanamke mmoja alishambuliwa na kubakwa katika bustani ya Central Park, New York. Vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walihojiwa kwa saa nyingi, na wanne kati yao wakakiri mbele ya kamera, wakieleza mambo kwa undani. Wote walifungwa. Mwaka 2002 mfungwa mwingine, Matias Reyes, alisema ni yeye peke yake, na vinasaba vikamthibitisha. Hukumu za wale watano zikafutwa. Walipoulizwa kwa nini walikiri, majibu yao yalikuwa ya kawaida sana: walikuwa wamechoka, waliogopa, na walidhani wakisema wanachotakiwa kusema wataruhusiwa kwenda nyumbani. Mtu aliye ndani ya chumba kile haifikirii kamba ya mwaka ujao. Anafikiria usiku huu utaishaje.

Sheria yetu inalijua hilo. Maelezo ya onyo yaliyoandikwa na polisi hupokewa ikiwa tu mtuhumiwa aliyatoa kwa hiari, na kwa kawaida ahojiwe ndani ya saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, labda muda uongezwe kwa utaratibu. Akidai aliteswa, mahakama husimamisha kesi na kuendesha kile tunachokiita kesi ndani ya kesi, ambamo upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo. Wengine hupelekwa pia kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa wa mahakama anayeandika maungamo, ambaye humtoa askari nje, humtazama mtuhumiwa kama ana majeraha, na kumuuliza kama ametishwa au kuahidiwa kitu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967, ungamo lililokanwa hutazamwa kwa tahadhari na kwa kawaida hutafutiwa ushahidi wa kuliunga mkono, ingawa mahakama ikiridhika kwamba haliwezi kuwa kitu kingine ila kweli inaweza kulitegemea peke yake.

Mimi nikisoma ungamo hutafuta kitu kimoja. Je, lina jambo ambalo polisi hawakulijua wakati linaandikwa, nao wakaenda, wakalikuta? Kama mshtakiwa alisema kisu kiko chini ya jiwe fulani na kisu kikapatikana pale, hilo ni zito. Kama kisu kilikwisha kupatikana asubuhi na ungamo liliandikwa jioni, ungamo limerudia tu habari ambazo mwandishi wake alikuwa nazo.

*Koti lake lenye damu limepelekwa kwa Mkemia Mkuu. Majibu yakisema ni damu ya marehemu, kesi si imekwisha?*
Msomaji, Nyakato

Haijaisha. Vinasaba hujibu damu ni ya nani. Havijibu ilifika lini wala ilifikaje, na hawa walikuwa wanakaa nyumba moja, yeye akiwa mwanamke aliyeshika kisu na samaki kila siku. Matone yaliyorushwa husema jambo moja, doa la kupangusia husema jingine. Na kabla ya yote hayo, upande wa mashtaka lazima uonyeshe nani alilichukua koti, nani alilifunga na kulitia alama, nani alilipokea maabara, na kwa maandishi gani. Kiungo kimoja kikipotea, jaji hatajua tena kama koti lililopimwa ndilo lililochukuliwa.

*Nilifundisha miaka 38 na sijaona mtu mwenye akili timamu akimchoma mwenzake mara nyingi kiasi kile. Je, huyu hastahili hospitali badala ya kamba?*
Mwalimu mstaafu, Magu

Shikamoo Mwalimu. Wingi wa majeraha mara nyingi ni alama ya hasira au hofu, na hasira si ugonjwa wa akili. Sheria humchukulia kila mtu kuwa timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kipimo chake, kilichotokana na maswali waliyoulizwa majaji wa Uingereza mwaka 1843 baada ya Daniel M'Naghten kumpiga risasi katibu binafsi wa waziri mkuu, hakiulizi kama tendo ni la kutisha. Kinauliza kama ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachokifanya, au asijue kwamba hakupaswa kukifanya. Wakili wake akilileta hilo, mahakama inaweza kuagiza apelekwe Isanga, Dodoma, akachunguzwe na madaktari. Aliyeuficha mwili kwenye magugumaji, ikiwa ni yeye, atapata shida kuwashawishi kwamba hakujua. Lakini umeona tulichofanya hapa, Mwalimu? Tumejadili akili ya aliyeua huku tukimchukulia kuwa ni huyu aliyekamatwa. Swali la akili huja baada ya swali la ni nani. Hata sababu ya kuua, iwe wivu au fedha, Kanuni ya Adhabu haidai ithibitishwe. Inadai tendo na nia. Nyinyi wasomaji mnaniandikia kwanza kuhusu sababu, kwa kuwa ndiyo yenye hadithi.

*Kaka wakili, mimi ni mdogo wake marehemu. Kila mtu anajadili haki za yule. Dada yangu anajadiliwa na nani? Na sisi tufanye nini? Simu yake tunayo nyumbani, na watu wanatusukuma tuifungue tuone alikuwa anaongea na nani.*
Jina limehifadhiwa

Pole sana, dada yangu. Barua yako niliisoma mara mbili kabla ya kuandika hizi nyingine. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inasema mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, na najua maneno hayo yanavyosikika kwa mtu aliyetoka makaburini. Yanakulinda hata wewe, maana hukumu iliyosimama juu ya picha za simu na macho makavu ndiyo inayoanguka kwenye rufaa, miaka mingi baadaye, wakati mashahidi wamehama mialo na wengine wamefariki, na hakuna tena wa kumtafuta mwingine.

Kuhusu simu: msiifungue, msijaribu namba za siri, na kama imezima msiiwashe. Kila mnachokigusa humo hubadilisha kumbukumbu ambazo upande wa mashtaka utalazimika kuonyesha kwamba hazikuguswa. Itieni kwenye bahasha ya karatasi, muifunge, na kesho asubuhi mkubwa mmoja wa familia aipeleke kwa mpelelezi mwenye jalada, akiongozana na shahidi. Kwenye daftari mwandike aliyeikuta ni nani, wapi na siku gani, na kila aliyeishika tangu hapo, hata kama ni mtoto aliyeichezea. Aulize namba ya jalada. Asiondoke bila karatasi yenye tarehe, saa, na jina la askari aliyeipokea, na karatasi hiyo muiweke pamoja na kitambulisho cha dada yako.